Picha Safi Hadi Masalani: Ubora wa Televisheni ya Dijitali na Safari ya HD

Picha ya televisheni ni vitone. Kila uso, kila jani na kila herufi inayoonekana kwenye skrini imechorwa kwa vitone vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu, ambavyo mafundi huviita pikseli. Vitone vikiwa vichache, kila kimoja hulazimika kubeba sehemu kubwa ya kile kilichopigwa na kamera, na mambo madogo humezwa. Vikiwa vingi, mambo madogo hupata nafasi yake. Ubora wa picha huanzia kwenye hesabu hiyo, ingawa hauishii hapo.

Picha ya kiwango cha kawaida, inayojulikana kwa herufi SD, ina vitone 720 katika kila mstari, na mistari yenyewe ni 576 kutoka juu hadi chini. Jumla yake ni vitone 414,720. Picha ya ung'avu wa hali ya juu, yaani HD, huanzia vitone 1,280 kwa mistari 720, ambavyo ni 921,600. HD kamili ina vitone 1,920 kwa mistari 1,080, na jumla yake inapita milioni mbili. Hiyo ni mara tano ya picha ya kawaida.

Tofauti hiyo inaeleweka upesi kwa mfano wa kutoka Ijara, katika Kaunti ya Garissa. Katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, si mbali na mji wa Masalani, wanaishi hirola, swala walio katika hatari kubwa ya kutoweka duniani na ambao makao yao ya asili ni eneo la mpaka wa Kenya na Somalia. Hirola hutambulika kwa mstari mweupe unaopita kati ya macho yake. Kamera ikilipiga kundi la hirola kutoka mbali, picha ikachukua uwanja wenye upana wa mita 40, kila kitone cha picha ya kawaida kitabeba zaidi ya sentimita tano za uwanja huo. Mstari mweupe una upana wa sentimita chache tu, kwa hiyo utachanganyika na rangi ya kahawia ya uso, na mtazamaji ataona swala asiyejulikana ni yupi. Katika HD kamili, kitone kimoja hubeba sentimita mbili hivi. Mstari utaonekana, na mtoto wa shule atamtambua hirola kwa jina.

Wingi wa vitone hautoshi peke yake. Picha ya televisheni ni mfululizo wa picha nyingi zinazopita upesi, na katika mfumo uliotumika Kenya kwa miaka mingi zilikuwa 25 kwa sekunde. Kila picha iligawanywa mara mbili: kwanza mistari ya namba witiri, kisha ya namba shufwa, ili jicho lidhani mwendo ni laini. Njia hiyo bado inatumika katika matangazo mengi, hata ya HD. Njia nyingine hutuma picha nzima kwa mkupuo mmoja, na ndiyo inayofaa zaidi mpira wa miguu na mbio, kwa sababu kitu kinachokwenda kasi hakimeguki pembeni. Rangi nazo zina daraja zake, na mwanga na kivuli vivyo hivyo. Pia kuna suala la umbo. Televisheni za zamani zilikuwa na uwiano wa nne kwa tatu, karibu na mraba. Za sasa ni pana, kumi na sita kwa tisa. Picha ya zamani ikinyooshwa ili ijaze skrini pana, watu huonekana wafupi na wanene, na lawama huangukia stesheni ilhali marekebisho yako kwenye rimoti.

Kenya ilianza kurusha televisheni mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mfumo uliotumika ulikuwa wa analojia, wenye mistari 625, ambayo 576 kati yake ndiyo iliyobeba picha. Mawimbi ya analojia yalidhoofika polepole kadiri yalivyosafiri. Mtu aliyekaa mbali na mnara aliona chenga, na aliyekaa mbali zaidi aliona chenga nyingi zaidi, lakini sauti ilisikika na sura ya msomaji wa habari ilitambulika. Wazee wengi wa miji ya pembezoni waliujua mchezo wa kupanda juu ya paa kuzungusha antena huku mtoto akipaza sauti kutoka ndani kwamba picha imekuja au imekwenda.

Wazo la HD lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilianza utafiti wake katika miaka ya 1960, na baadaye likarusha HD ya analojia kwa setilaiti. Kikwazo kilikuwa nafasi. Picha yenye vitone vingi kiasi hicho, ikirushwa kwa njia ya analojia, hula masafa mengi mno, na masafa ni mali isiyoongezeka. Ndiyo maana HD haikuenea duniani mpaka picha ilipogeuzwa kuwa tarakimu na tarakimu zikaweza kubanwa.

Ubanaji ndio moyo wa televisheni ya dijitali, na ndio unaoamua ubora wa picha kuliko jambo lingine lolote. Picha ya kawaida inapotoka kwenye mitambo ya studio bila kubanwa hubeba tarakimu milioni 270 kwa sekunde. HD hubeba karibu bilioni moja na nusu. Hakuna mnara wala setilaiti inayoweza kumpelekea kila mtazamaji mzigo huo. Kwa hiyo kompyuta huichunguza kila picha na kuuliza ni kitu gani kimebadilika tangu picha iliyotangulia. Msomaji wa habari anapoketi mbele ya ukuta usiosogea, ukuta hutumwa mara moja, kisha zikafuata tarakimu za midomo na macho tu. Vitu ambavyo jicho la binadamu haliviangalii sana, kama tofauti ndogo za rangi, hupunguzwa. Kwa njia ya MPEG-4, iliyochaguliwa Kenya, picha ya kawaida yenye ubora mzuri hutosheka na tarakimu milioni mbili au tatu kwa sekunde. HD huhitaji kati ya milioni sita na kumi.

Udhaifu wa ubanaji hujitokeza pale ambapo kila kitu kinabadilika kwa wakati mmoja. Mchezaji anapokimbia na kamera ikamfuata, nyasi zote za uwanja husogea. Mvua inaponyesha, mto unapofurika au umati unapopunga mikono, kompyuta hukosa kitu cha kurudia. Ikiwa stesheni imepewa tarakimu chache, kompyuta hufupisha kazi: nyasi hugeuka bapa la kijani, nyuso hupoteza mikunjo, na miraba midogo hutokea kwenye skrini. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini stesheni iliyoandikwa HD inaweza kuwa na picha mbaya kuliko ya kawaida iliyotunzwa vizuri. Vitone milioni mbili visipopewa tarakimu za kutosha kuvieleza, vitajazwa kwa kubahatisha.

Suala la nani apewe tarakimu ngapi ni suala la nafasi na fedha. Mtambo mmoja wa dijitali hautumii masafa kwa stesheni moja kama ilivyokuwa zamani. Hukusanya stesheni nyingi katika mkondo mmoja. Mkondo huo ni kama lori lenye kikomo cha uzito: likipakia magunia makubwa machache au madogo mengi, uzito wa mwisho ni ule ule. Katika DVB-T2, mfumo wa dijitali unaotumika Kenya sasa, mkondo wenye tarakimu milioni 30 kwa sekunde unaweza kubeba stesheni kumi na zaidi za kiwango cha kawaida, au nne hivi za HD. Wasambazaji wa mawimbi hutoza stesheni ada ya kubebwa, na stesheni inayotaka HD inaomba nafasi ya stesheni tatu au nne. Kwa stesheni kubwa ya Nairobi yenye matangazo mengi ya biashara, gharama hiyo inaweza kulipika. Kwa stesheni changa inayotaka kutangaza kwa Kisomali, Kipokomo au Kiborana, ni mlima.

Safari ya Kenya kufika hapo ilianzia Geneva mwaka 2006. Mkutano wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, ulikubaliana kwamba nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zihamie dijitali, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa kikomo cha kuyalinda matangazo ya analojia. Tarehe 9 Desemba 2009, Rais Mwai Kibaki alizindua mawimbi ya dijitali ya Kenya katika shirika la KBC, ambalo kampuni yake tanzu ya Signet ndiyo iliyokuwa msambazaji wa kwanza. Wakati huo mfumo ulikuwa DVB-T. Haikupita muda mrefu nchi ikaamua kwenda DVB-T2, ulio mpya na wenye uwezo mkubwa zaidi wa kubeba stesheni. Uamuzi ulikuwa sahihi kiufundi, lakini waliokuwa wamekwisha kununua ving'amuzi vya mfumo wa kwanza walibaki na vyombo visivyopokea kitu.

Tanzania ilitangulia kuzima analojia, ikianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kenya ilichelewa kwa sababu ya kesi mahakamani. Kampuni ya PANG, yenye asili ya China, ilikuwa imepata leseni ya pili ya usambazaji mwaka 2011, na vyombo vikubwa vya habari vya Kenya vilidai haki ya kusambaza mawimbi yao vyenyewe. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Septemba 2014 ulivifungulia njia, na muungano wa vyombo hivyo, ADN, ukapata leseni. Hata hivyo mvutano ulifika kileleni tarehe 14 Februari 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa Nairobi. Stesheni za NTV, KTN, Citizen na QTV zilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Garissa ilikuwa katika awamu ya mwisho ya uzimaji, pamoja na miji mingine ya pembezoni, mwishoni mwa Machi 2015.

Kampeni ya kuhamia dijitali iliahidi picha safi, na ahadi hiyo ilizaa kosa moja ambalo bado linatembea: kudhani kwamba dijitali na HD ni kitu kimoja. Dijitali ni njia ya kusafirisha. HD ni kiwango cha picha. Stesheni inaweza kuwa ya dijitali kabisa ikarusha picha ya kawaida, na nyingi za bure zilifanya hivyo kwa miaka, kwa sababu ya hesabu ya nafasi iliyoelezwa. Kilichobadilika mara moja ni kuondoka kwa chenga na kivuli cha picha pacha. Televisheni mpya yenye maandishi ya HD ikiunganishwa na mawimbi ya kiwango cha kawaida haigeuzi mawimbi kuwa HD. Inavitandaza vile vitone laki nne juu ya skrini ya milioni mbili, na mapengo inayajaza kwa kukisia.

Kwa mji kama Masalani, swali linalotangulia ni kama mawimbi yanafika. Masalani, makao makuu ya Ijara, iko kusini mwa Kaunti ya Garissa, upande wa mashariki wa Mto Tana, zaidi ya kilomita 100 kutoka mji wa Garissa. Ardhi ya hapo ni tambarare, na wengi hudhani tambarare haina kizuizi. Kizuizi ni dunia yenyewe. Mawimbi ya televisheni hufuata karibu mstari ulionyooka, na dunia hupinda chini yake. Mnara wenye urefu wa mita 100 huwafikia wapokeaji walio umbali wa kilomita 50 na kidogo, kwa antena iliyoinuliwa juu ya paa. Zaidi ya hapo mawimbi hupita juu angani. Mnara wa mjini Garissa, uwe na nguvu kiasi gani, hauwezi kuihudumia Masalani vizuri. Mji wa namna hii unahitaji mtambo ulio karibu nao, au setilaiti.

Dijitali iliufanya ukingo huo wa mawimbi kuwa mkali zaidi. Analojia ilififia hatua kwa hatua. Dijitali hushikilia picha safi mpaka karibu na mwisho wa nguvu zake, kisha miraba ikaanza, sauti ikakatika, picha ikaganda, na skrini ikawa nyeusi. Kati ya picha kamili na kutokuwa na picha kuna hatua chache tu. Kaya iliyokuwa ikiona KBC kwa chenga, na kuielewa, inaweza kujikuta haioni chochote baada ya analojia kuzimwa. Hilo ni jambo la kusikitisha katika uhamiaji wote, nalo linastahili kusemwa wazi: maendeleo ya kiufundi yaliyompa mkazi wa jiji picha safi zaidi yaliweza kumnyang'anya mkazi wa pembezoni ile picha duni aliyokuwa nayo.

Setilaiti ilipunguza pengo hilo. Setilaiti za matangazo hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na kwazo Masalani na Nairobi ni karibu mahali pamoja. Stesheni ya HD inayopita huko inafika Ijara ikiwa na ubora ule ule unaofika Westlands jijini Nairobi. Kwa kuwa Masalani iko karibu na ikweta na karibu na nyuzi 40 mashariki, dishi linaloelekezwa kwa setilaiti ya Eutelsat ya nyuzi 36 mashariki hutazama karibu juu kabisa, na kwa hiyo hulazwa sana. Vumbi la kiangazi hutua juu yake, na maji ya mvua hukaa kwenye ukingo wake wa chini. Wakati wa mvua kubwa, katika msimu ambao Wasomali huuita gu na ule wa deyr, matone hunyonya mawimbi hayo mafupi na picha hukatika. Mara nyingi stesheni za HD ndizo zinazotangulia kukatika, kwa kuwa zikirushwa kwa mpangilio unaobana tarakimu nyingi zaidi huhitaji mawimbi safi zaidi. Dishi kubwa kidogo kuliko la kawaida, lililofungwa imara ili upepo usilisogeze na kufutwa vumbi mara kwa mara, hupunguza tatizo hilo.

Ndani ya nyumba, picha nzuri hupotea katika sehemu nne zinazojulikana na mafundi wote. Ya kwanza ni waya. King'amuzi cha HD kikiunganishwa kwa zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, picha hurudishwa kuwa ya kawaida, kwa sababu waya wa njano hauwezi kubeba HD. Inatakiwa waya wa HDMI. Kaya nyingi zimelipia HD kwa miezi bila kuiona hata siku moja, kwa ajili ya waya wa shilingi mia chache. Ya pili ni mpangilio wa king'amuzi: wakati mwingine kimeachwa kwenye mistari 576 tangu kilipotoka dukani. Ya tatu ni viungo vya waya wa antena. Kichwa cha waya kikilegea, au kutu ikaingia kwa sababu hakikufungwa utepe wa kuzuia maji, mawimbi hufa kabla ya kufika ndani. Ya nne ni kiongeza nguvu. Wengi hukimbilia kukinunua picha ikisumbua, lakini chombo hicho huongeza nguvu ya mawimbi pamoja na kelele zake. Mahali pake ni juu kwenye antena, kabla waya haujala mawimbi, na si nyuma ya televisheni.

Mtazamaji anayetaka kujua hali ya mawimbi yake hahitaji kifaa cha fundi. Kwenye menyu ya karibu kila king'amuzi kuna mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Wa ubora ndio wa kutazamwa. Nguvu inaweza kuwa juu na ubora chini, na hapo tatizo huwa ni antena iliyoelekezwa pabaya, mwangwi wa mawimbi au waya mbovu. Antena ya paa hugeuzwa polepole, kidogo kidogo, na baada ya kila mgeuzo mtu husubiri sekunde kadhaa, kwa kuwa dijitali hukawia kuonyesha badiliko. Kuzungusha kwa haraka kama zamani hupitisha mahali penyewe bila kujua.

Umeme nao unahusika. Katika vijiji vingi vya Ijara taa na televisheni hutegemea jua. Televisheni ya LED ya inchi 32 hutumia wati 30 hadi 60 hivi, chini ya zile za kioo kizito za zamani, na huo ni unafuu mkubwa wa enzi hii. Lakini betri ikichoka usiku, umeme hushuka na king'amuzi hujizima na kuwaka upya, jambo ambalo watu wengi hulidhania kuwa hitilafu ya mawimbi. Joto la mchana la Kaunti ya Garissa pia hufupisha maisha ya king'amuzi. Kikiwekwa juu ya televisheni au kufunikwa kitambaa, hewa hukosa njia na picha huanza kuganda.

Ukubwa wa skrini na umbali wa kukaa huamua kama HD ina faida hata kidogo. Jicho lenye afya huweza kutenga vitone vya HD kamili likiwa umbali wa takriban mara tatu ya kimo cha picha. Skrini ya inchi 32 ina kimo cha sentimita 40, kwa hiyo umbali huo ni mita 1.2. Aliye mita tatu kutoka kwenye skrini hiyo hawezi kwa urahisi kutofautisha HD kamili na picha ya kawaida iliyo safi. Katika kibanda cha mpira chenye watu arobaini na skrini ndogo, waliokaa benchi la mbele ndio wanaoifaidi. Mwenye kibanda anayetaka kuwatendea haki wateja wake ataanza na skrini kubwa, kisha atafute HD. Maandishi ya kwenye maboksi ya dukani pia yanataka uangalifu. "HD Ready" kwenye televisheni ndogo humaanisha kwa kawaida vitone 1,366 kwa 768, na "Full HD" humaanisha 1,920 kwa 1,080. Maandishi yanayohusu dijitali hueleza jambo jingine kabisa, yaani kwamba televisheni ina kipokezi cha DVB-T2 ndani yake na haihitaji king'amuzi kwa stesheni za bure.

Mlolongo wa ubora huanza mbali zaidi ya paa la nyumba, huko studio na uwandani. Kamera ya HD ikipiga kwenye mwanga hafifu hutoa picha chafu, na uchafu huo humaliza tarakimu za ubanaji kwa sababu hubadilika kila sekunde. Filamu za zamani zilizohifadhiwa kwenye kanda zina mistari ile ile ya enzi yake, hata zikirushwa kwenye stesheni ya HD. Video ya simu inayotumwa na mwandishi kutoka Ijara kupitia mtandao dhaifu hubanwa mara mbili au tatu kabla ya kufika Nairobi. Matokeo yake, habari za Kaskazini Mashariki huonekana kwa picha mbovu kuliko za mji mkuu, hata kwenye stesheni yenye mitambo bora. Kuwapa waandishi wa mashinani kamera nzuri na njia ya uhakika ya kutuma picha kungeinua ubora wa habari hizo kuliko kununua mtambo mpya wa studio.

Wapo wanaoona HD kuwa anasa ya wapenda mpira, lakini faida yake haiishii uwanjani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliziagiza stesheni za Kenya kuweka mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi katika taarifa za habari na vipindi vya elimu. Mkalimani huyo hukaa katika kidirisha kidogo pembeni mwa skrini. Katika picha ya kawaida iliyobanwa sana, vidole vyake huungana kuwa kitu kimoja, na mtazamaji kiziwi hupoteza neno baada ya neno. Kwake, vitone vingi zaidi ni sawa na sauti inayosikika. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalipelekwa kwa redio na kwa stesheni ya elimu ya taasisi ya mitaala, KICD. Hesabu iliyoandikwa ubaoni ama inasomeka ama haisomeki. Mwishoni mwa 2023, mafuriko ya El Niño yalipokata barabara katika kaunti za Garissa na Tana River, ramani ya tahadhari yenye majina ya vijiji ilikuwa na faida kwa yule tu aliyeweza kuyasoma majina hayo.

Kutokana na hayo yote, mpangilio wa mambo unajitokeza wenyewe. Kwanza ni kufika: mawimbi ya bure yamfikie kila raia, kwa mnara au kwa setilaiti. Pili ni uthabiti: picha isiyokatika mvua ikinyesha wala betri ikipungua. Tatu ni usafi wa picha ya kawaida, kwa kuipa tarakimu za kutosha badala ya kusongamanisha stesheni mpaka zote ziwe na miraba. Nne ni HD, ikianza na stesheni za habari, elimu na dharura. Picha ya kawaida inayofika Masalani kila siku ina thamani kuliko HD inayoishia kwenye barabara za mzunguko za Nairobi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, na Garissa imo katika orodha ya kaunti zenye maeneo hayo. Umeme ukifika kijijini, sehemu moja ya mlolongo wa picha imekwisha kutengenezwa.

Teknolojia yenyewe inasaidia. Njia mpya ya ubanaji, H.265, iliyopitishwa mwaka 2013, hupeleka picha ile ile kwa karibu nusu ya tarakimu za MPEG-4. Mkondo uliokuwa ukibeba stesheni nne za HD unaweza kubeba nane, na gharama ya kila stesheni ikashuka. Lakini ving'amuzi vingi vilivyonunuliwa wakati wa uhamiaji haviwezi kuifungua njia hiyo. Historia ya DVB-T na DVB-T2 imekwisha kuonyesha ni nani hulipa nchi inapobadilisha mfumo bila kuwaonya wanunuzi mapema. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikitangaza tarehe na viwango miaka kadhaa kabla, maduka yakaacha kuuza vyombo vya mfumo wa zamani, na kaya zisizo na uwezo zikasaidiwa kununua vipya, Kenya inaweza kuingia katika HD bila mji wowote kuachwa na skrini nyeusi.